Makro inafuta wavuvi ambao hawajalipwa na kuwaacha waliolipwa: nianzie wapi?

Swali, kwa ufupi: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa stoo ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Tunapokea mzigo kutoka kambi za Ukerewe na Kome. Nina faili la Excel lenye shiti mbili. Ya kwanza ni Mapokezi: namba ya stakabadhi, tarehe, mvuvi, mwalo (bandari ndogo ya wavuvi), kilo, bei na kiasi. Ya pili ni Waliolipwa. Kila giza likiisha, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo ndizo za kuvua dagaa, nataka makro (amri zilizoandikwa ili Excel izitekeleze yenyewe) ipitie Mapokezi, na kila stakabadhi iliyomo kwenye Waliolipwa ifutwe, nibaki na madeni tu. Mwanzoni ilikuwa inagoma na kosa namba 13. Kijana mmoja akaniongezea amri ya On Error Resume Next, ikaacha kugoma. Sasa kuna waliolipwa ambao hawafutiki mpaka niiendeshe mara mbili au tatu, na kuna wavuvi wawili wamekuja kudai hela zao nikakuta hawamo kabisa. Bosi ananiangalia kwa jicho baya. Nisaidie."

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hao wavuvi wawili. Usiiendeshe tena hiyo makro, hata mara moja. Lifunge faili bila kuhifadhi kama bado liko wazi, kisha chukua vitabu vya stakabadhi na daftari la mzani uwatafute hao watu kwa nakala ya karatasi. Nakwambia hivi kwa sababu kazi iliyofanywa na makro hairudishwi kwa Ctrl+Z. Makro ikishabadilisha shiti, Excel inatupa orodha yake ya kurudi nyuma. Kilichofutwa na kuhifadhiwa kimekwenda, isipokuwa una nakala ya zamani. Na usiishie kwa hao wawili. Linganisha daftari lote la mzani la giza hili na kilichobaki kwenye shiti, maana nina uhakika wapo wengine ambao hawajaja kudai bado.

Uhakika huo naupata kwenye makro uliyonitumia. Naiweka hapa tuitazame pamoja:

```
Sub FutaWaliolipwa()
    Dim i As Integer, j As Integer
    On Error Resume Next
    For i = 2 To Sheets("Mapokezi").Range("A1").End(xlDown).Row
        For j = 2 To Sheets("Waliolipwa").Range("A1").End(xlDown).Row
            If Sheets("Mapokezi").Cells(i, 1).Value = Sheets("Waliolipwa").Cells(j, 1).Value Then
                Rows(i).Delete
                Exit For
            End If
        Next j
    Next i
End Sub
```

Umenieleza kwamba namba ya stakabadhi kwenye Mapokezi huiandiki kwa mkono. Inavutwa kwa VLOOKUP, fomula ya Excel ya kutafuta, kutoka faili la mzani, na pale ambapo mtu wa mzani hajaingiza bado, seli inaonyesha #N/A. Hapo ndipo kosa namba 13 linapozaliwa. Seli yenye #N/A haina namba wala maneno; ndani yake mna kitu cha aina ya kosa, na VBA, lugha inayoandikiwa makro za Excel, haikubali kulilinganisha kosa na kitu kingine kwa alama ya sawasawa. Inasimama na kukuandikia Type mismatch, yaani hivi viwili si vya aina moja. Kwa hiyo siku ile makro ilipogoma, ilikuwa inakupa taarifa ya kweli: kuna mstari ambao haina namna ya kuuamua.

Sasa tazama ile amri iliyoongezwa ilifanya nini. On Error Resume Next maana yake ni kwamba ukikwama, liache kosa uendelee na amri inayofuata. Tuseme makro imefika mstari wa 214 wa Mapokezi, wenye #N/A. Inajaribu kulinganisha, inakwama kwenye If. Haipati ndiyo wala hapana. Imeagizwa iendelee na amri inayofuata. Amri inayofuata ni ipi? Shuka kwa jicho lako mstari mmoja chini ya If. Ni Rows(i).Delete.

Ndiyo, inafuta. Sharti likikwama, makro inaingia ndani ya If kana kwamba jibu lilikuwa ndiyo. Na mistari yenye #N/A ni ya akina nani? Ni ya wale walioleta mzigo karibuni, ambao mzani haujaingizwa, yaani ambao hawajalipwa hata senti. Makro yako imekuwa ikiwachagua hao hasa.

Usinisadiki kwa maneno tu. Tengeneza nakala ya faili, ifungue, bonyeza Alt+F11, weka kiashiria ndani ya makro kisha bonyeza F8 mara kwa mara. Kila ukibonyeza, rangi ya njano inahamia kwenye amri inayofuata. Ili usipite mistari mia mbili, badilisha kwa muda namba 2 ya mzunguko wa i iwe namba ya mstari wenye #N/A. Ukifika kwenye If, peleka mshale wa mausi juu ya Cells(i, 1).Value baada ya kuichagua. Utaona Error 2042, ndilo jina la #N/A ndani ya VBA. Bonyeza F8 mara moja tena, uone njano inatua wapi. Nimewaonyesha makarani wengi jambo hili, na kila mmoja ananyamaza kidogo anapoliona kwa macho yake.

Basi amri hiyo iondoe. Ina mahali pake, kwa mtu anayejua kosa gani analitarajia na anayeirudisha On Error GoTo 0 mara tu baada ya amri moja. Kuiweka juu kabisa ya makro inayofuta kumbukumbu za hela za watu ni hatari, na ningependa uiogope.

Sasa lile la pili, la waliolipwa wasiofutika mpaka urudie. Tuseme boti moja ilileta mzigo wa wavuvi wanne, wote wamelipwa, na wamo kwenye mistari ya 31 hadi 34. Makro inafika 31, inafuta. Excel haiachi pengo: aliyekuwa 32 anapanda kuwa 31, wa 33 anakuwa 32, na wa nyuma wote wanasogea. Lakini kihesabio i hakijui hayo. Kinaongeza moja, kinakwenda 32, ambako sasa amekaa yule wa 33. Aliyekuwa 32 hajatazamwa kabisa. Ni kama benchi la zahanati: wa kwanza akiingia kwa daktari, wote wanasogea, na nesi anayeita kwa nafasi ya kiti badala ya jina atamruka mmoja kila mara. Katika watu wanne waliofuatana, wawili wanafutwa na wawili wanabaki. Ukiendesha tena, mmoja anaondoka. Mara ya tatu, wa mwisho. Na kila ulipokuwa ukirudia ili kuwamaliza hao, On Error Resume Next ilikuwa inapata nafasi nyingine ya kuwafuta wenye #N/A iliyowaruka mwanzo. Makosa mawili yamesaidiana.

Dawa ya hili ni ya zamani na ni rahisi: anza chini upande juu. Mzunguko uandikwe kuanzia mstari wa mwisho hadi wa 2, na mwishoni Step -1. Ukifuta mstari wa 34, wanaosogea ni wa chini yake, ambao umeshawapitia.

Kuna jambo jingine kwenye amri ileile ya kufuta ambalo halijakupata bado lakini lingekupata. Umeandika Rows(i).Delete bila kutaja shiti. VBA ikikuta Rows au Cells au Range bila jina la shiti mbele yake, kwenye moduli ya kawaida, inachukua shiti iliyo wazi mbele yako wakati huo. Siku utakayobonyeza makro ukiwa umefungua Waliolipwa, italinganisha vizuri kabisa halafu itafuta kwenye orodha ya malipo. Hakutakuwa na kosa wala ujumbe.

Na End(xlDown) kutoka A1 inasimama kwenye seli ya mwisho kabla ya seli tupu ya kwanza. Ukiacha mstari mmoja mtupu katikati ili kutenganisha siku, kila kilicho chini yake hakionekani kwa makro. Tafuta mwisho kwa kutoka chini kabisa ya shiti kwenda juu, kwa xlUp, lakini ondoa vichujio kwanza, kwa sababu xlUp nayo inairuka mistari iliyofichwa na kichujio.

Halafu ubadilishe Integer iwe Long. Integer inaishia 32,767, na ukivuka hapo unapata kosa namba 6. Shiti ya Excel tangu toleo la 2007 ina mistari 1,048,576.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo nadhani litakusumbua hata baada ya hayo yote kurekebishwa, nalo ni namba zinazofanana kwa macho lakini Excel inaziona tofauti. Kwenye Mapokezi, VLOOKUP inakuletea 4471 kama namba. Kwenye Waliolipwa umebandika kutoka kwenye ujumbe wa simu, ikaingia 04471 kama maneno, pengine na nafasi moja nyuma yake usiyoiona. Dalili utaiona kwenye seli: namba husimama upande wa kulia, maneno upande wa kushoto, na mara nyingi kona ya seli ina pembetatu ndogo ya kijani. VBA ikilinganisha hizo mbili inasema hazilingani, na haitoi kosa lolote. Kuna pia nafasi ya aina nyingine, yenye namba 160, inayokuja ukibandika kutoka kwenye kurasa za intaneti; Trim, amri ya kuondoa nafasi za pembeni, haiigusi. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, kila namba ipite mahali pamoja pa kusafishwa, kwa namna ileile pande zote mbili.

Nakushauri pia usitumie .Text badala ya .Value hapo. Nimeona wengi wakiitumia wakidhani ndiyo suluhisho. .Text inasoma kinachoonekana, na safu ikiwa nyembamba kinachoonekana ni alama za ####. Mtu akibana upana wa safu tu, matokeo yanabadilika.

Hii hapa makro niliyokuandikia. Iko katika vipande viwili kwa makusudi: kimoja kinaweka alama, kingine kinafuta. Kati ya viwili hivyo unakaa wewe na macho yako.

```
Option Explicit

Function Safisha(ByVal v As Variant) As String
    Dim t As String
    If IsError(v) Then Exit Function
    t = UCase$(Trim$(Replace(CStr(v), ChrW(160), " ")))
    If IsNumeric(t) And Len(t) < 5 Then t = Right$("00000" & t, 5)
    Safisha = t
End Function

Sub WekaAlama()
    Dim shM As Worksheet, shW As Worksheet, kamusi As Object
    Dim i As Long, mwisho As Long, namba As String
    Set shM = ThisWorkbook.Worksheets("Mapokezi")
    Set shW = ThisWorkbook.Worksheets("Waliolipwa")
    Set kamusi = CreateObject("Scripting.Dictionary")

    mwisho = shW.Cells(shW.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
    For i = 2 To mwisho
        namba = Safisha(shW.Cells(i, 1).Value)
        If namba <> "" Then kamusi(namba) = i
    Next i

    mwisho = shM.Cells(shM.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
    For i = 2 To mwisho
        namba = Safisha(shM.Cells(i, 1).Value)
        If namba = "" Then
            shM.Cells(i, 8).Value = "KAGUA"
        ElseIf kamusi.Exists(namba) Then
            shM.Cells(i, 8).Value = "LIPWA"
        Else
            shM.Cells(i, 8).Value = "DENI"
        End If
    Next i
End Sub
```

Safisha ikikutana na #N/A inarudisha utupu badala ya kugoma, na mstari huo unapewa KAGUA. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Mstari ambao haujulikani unakwenda kwako uuangalie, haufutwi na wala hauhesabiwi kuwa umelipwa. Urefu wa tarakimu tano nimeuweka kwa sababu ya vitabu vyenu. Kama siku moja mtachapisha vya tarakimu sita, badilisha zile sifuri na zile namba 5. Kamusi nayo inafanya kazi ya mzunguko wa pili: badala ya kila stakabadhi kulinganishwa na malipo yote moja moja, inaulizwa mara moja tu kama namba imo. Kwa mistari elfu kadhaa ya giza zuri utaona tofauti ya muda. Inahitaji kompyuta ya Windows; kwenye Mac kamusi hii haipo.

Ukishaweka alama, usikimbilie kufuta. Kwenye seli yoyote tupu nje ya jedwali, kwa mfano K1, andika =SUMIF(H:H,"LIPWA",G:G). Jumla hiyo ya kiasi lazima iwe sawa na jumla ya hela zilizotoka kwenye Waliolipwa, mpaka shilingi ya mwisho. Isipolingana, sababu ni moja kati ya mbili ambazo nimezikuta mara nyingi kwenye stoo za samaki. Ya kwanza, mvuvi kalipwa nusu na stakabadhi ikaingizwa kwenye Waliolipwa kana kwamba imeisha. Ya pili ni mbaya zaidi: vitabu viwili vyenye namba zinazofanana. Stakabadhi 00317 ya kitabu cha Nansio na 00317 ya kitabu cha Kome si stakabadhi moja. Kwa namba peke yake, akilipwa wa Nansio, wa Kome naye anafutwa. Kama vitabu vyenu viko hivyo, ongeza safu ya mwalo kwenye Waliolipwa pia, na popote palipo na namba kwenye kamusi tumia mwalo na namba pamoja. Kwa upande wa Mapokezi, ambako mwalo uko safu ya nne, ongeza amri hii mara tu baada ya ile ya Safisha:

```
        If namba <> "" Then namba = Safisha(shM.Cells(i, 4).Value) & "|" & namba
```

Na upande wa Waliolipwa vivyo hivyo, ukiandika shW na namba ya safu utakayouweka mwalo.

Jumla zikikubaliana, na KAGUA zote umezipitia, ndipo kipande cha pili:

```
Sub HamishaWaliolipwa()
    Dim shM As Worksheet, shK As Worksheet, i As Long, k As Long
    ThisWorkbook.SaveCopyAs ThisWorkbook.Path & "\Nakala_" & Format(Now, "yyyymmdd_hhnn") & ".xlsm"
    Set shM = ThisWorkbook.Worksheets("Mapokezi")
    Set shK = ThisWorkbook.Worksheets("Kumbukumbu")
    For i = shM.Cells(shM.Rows.Count, 8).End(xlUp).Row To 2 Step -1
        If shM.Cells(i, 8).Value = "LIPWA" Then
            k = shK.Cells(shK.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row + 1
            shK.Cells(k, 1).Resize(1, 8).Value = shM.Cells(i, 1).Resize(1, 8).Value
            shM.Rows(i).Delete
        End If
    Next i
End Sub
```

Utaona jina nimelibadilisha: inahamisha kwanza, ndipo inafuta. Tengeneza shiti ya tatu iitwe Kumbukumbu, yenye vichwa vilevile. Mimi sioni sababu ya kuitupa rekodi ya mzigo uliolipiwa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mfanyabiashara atunze nyaraka zake miaka 5, na mvuvi akija baada ya mbalamwezi mbili kuuliza alipeleka kilo ngapi, unatakiwa uwe na jibu. Amri ya SaveCopyAs inaweka nakala yenye tarehe na saa kwenye folda ileile kabla ya kugusa chochote. Faili liwe limehifadhiwa kwenye kompyuta yenyewe, kwa mwisho wa .xlsm.

Makosa mengine unayoweza kukutana nayo ni mepesi. Namba 9 maana yake jina la shiti halipo kama ulivyoliandika, na mara nyingi ni nafasi iliyojificha mwisho wa jina. Namba 1004 wakati wa kufuta, angalia kama shiti imefungwa kwa nywila. Namba 91 hutokea ukitumia Find na haikupata kitu, halafu ukataka thamani ya hicho ambacho hakikupatikana. Kwenye makro hii Find haimo. Kosa lolote likitokea, soma namba yake, bonyeza Debug, na uangalie njano imesimama wapi kabla ya kumwita mtu.

Kwa kujaribu, usianze na faili la bosi. Chukua nakala, bakiza mistari kumi tu ya Mapokezi: minne iliyolipwa na inayofuatana, miwili ya #N/A, mmoja wenye namba iliyobandikwa na nafasi nyuma, na mitatu ya madeni ya kawaida. Endesha WekaAlama. Unatakiwa upate LIPWA tano, ikiwa namba yenye nafasi imo kwenye malipo, KAGUA mbili na DENI tatu. Kisha HamishaWaliolipwa, mara moja tu: Mapokezi ibaki na mistari mitano, Kumbukumbu iwe na mitano. Ukipata tofauti na hapo, nitumie hiyo mistari kumi kama ilivyo, majina ukiwa umeyaondoa, nami nitaitazama.

Na wale wavuvi wawili, ukishapata stakabadhi zao kwenye kitabu, waingize upya kwa mkono leo, hata kabla ya kuigusa makro mpya.